Ubao wa Ghala, Kwamhosi

Leo Jumatatu. Chaki ni za shule, nimeazima tatu,
moja imevunjika nikiandika neno MASIKA.

Basi nawaambia kwa ufupi:
vuli ilikuwa mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo;
hii ijayo itakaa, itadai na kitanda.
Redio imesema wiki ya pili ya Machi.
Siafu wa jikoni kwa Bi Hidaya Shemhilu
wamesema Ijumaa.
Chagueni wa kumwamini, ila mwenye paa linalovuja
asingoje wamalize kubishana.

Mbegu za mahindi zimefika, mifuko arobaini na mmoja.
Ile rangi ya waridi ni dawa, si urembo.
Haioshwi ikatoka. Haikaangwi.
Mwaka juzi nyumba moja walikaanga. Sitaji jina,
wenyewe wanasoma hapa na wanajijua.

Chanjo ya mdondo ni Alhamisi, kuku wakiwa bado bandani.
Tone moja, jicho moja, yatosha.
Atakayewafungulia mapema asije Aprili kuniuliza
kwa nini jogoo wake anazungusha shingo
kama msafiri anayetafuta kibla.

Kliniki ya watoto si Jumanne, ni Jumatano:
pikipiki ya nesi inangoja mnyororo kutoka Muheza.
Kadi zije safi. Kadi si ya kufungia maandazi.

Machungwa. Yule bwana wa lori jeupe amerudi
na maneno yake laini; anayanunua yangali mtini,
madogo kama gololi, anayahesabu kwa macho.
Macho yake huhesabu pungufu.
Mwenye ada ya shule shingoni namwelewa,
lakini apite kwanza kwa Semkiwa
aone daftari la bei za mwaka jana.

Imeokotwa kandambili, ya kushoto, bluu.
Amepotea mbuzi wa Mbwana, sikio moja limechanika.
Kama kuna nyumba imenuka supu, isione haya,
ilete walau ngozi.

Sasa daraja.

Mnajua mwaka jana chaki iliniishia.
Niliandika DARAJA kwa herufi kubwa, nikaenda kuomba nyingine;
mwalimu hakuwepo, mvua ikanifungia barazani kwake.
Kilua akapita na baiskeli, magunia mawili nyuma,
akasoma nilichokiacha: Daraja.
Akaona, basi, daraja lipo.

Zigi ikachukua baiskeli, ikachukua na mahindi.
Yeye ikamwacha kwenye mizizi ya mkuyu,
kaikumbatia hadi alfajiri,
akiita watu wote wa Kwamhosi kwa majina, nyumba kwa nyumba,
ili asilale.
Jina langu, aliniambia baadaye, alilipita mara mbili.
Hakunidai kitu.

Mwaka huu Semkiwa ametupa rangi iliyobaki ya mlango wake.
Jiwe la upande wetu lina mstari mwekundu.
Maji yakigusa mstari, daraja halipo,
hata kama unaliona.
Njia ni ya juu, kupitia shamba la mkonge, saa mbili zaidi.
Chukua maji ya kunywa. Chukua na mtu wa kuongea naye.

Kilua amesimama nyuma yangu tangu asubuhi.
Amenunua chaki zake mwenyewe, boksi zima,
hanipi mpaka aone nimekwama.
Nikimaliza sentensi anasogea,
anatafuta nukta kwa kidole;
akiikosa, anakohoa.
Naiweka.
Anaigusa, kidole kinatoka cheupe,
anakipangusa shatini,
halafu anasema: endelea.